Muhuri wa karafuu: namna ya kuanza kuchonga kwenye kifutio na lino

Nauza viungo hapa Tanga: karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga ninazochukua kwa wakulima wa Amani na Muheza. Napakia kwenye mifuko ya kaki, gramu 50 kila mfuko. Miaka ya mwanzo nilikuwa nachapisha stika, na mchapaji hapokei kazi ya chini ya stika mia tano kwa kila aina. Nikajikuta na boksi zima la stika za mdalasini katika msimu ambao mdalasini wenyewe sina. Siku nilipochonga muhuri wa karafuu kwenye kifutio cha mwanangu, shida hiyo ikaisha. Nikipata karafuu nachapa karafuu, nikikosa muhuri unarudi kwenye boksi lake.

Tangu hapo nimewaonyesha watu kadhaa kazi hii mezani kwangu, na naona kinachowashinda si mkono. Wengi wanaanza na mchoro mkubwa wenye mambo mengi, tena kwenye kitu kigumu, na hawajui muhuri ukiisha watauchapa wapi. Wanauacha njiani. Anza na kitu kidogo unachokihitaji kweli: jina la sabuni unayotengeneza, alama ya kuweka kwenye madaftari ya wanao, ua la kupamba kadi za mwaliko. Ukiwa na haja nacho, utakirudia mpaka kikae sawa.

Kitu cha kuchonga

Kifutio kinachofaa ni kile cheupe, laini, ambacho ukikikunja kinarudi bila kupasuka. Kile chenye upande wa buluu wa kufutia kalamu ya wino kina chembe kama mchanga ndani. Kinamegukameguka na kingo zake haziwi kali. Nunua vitatu kwa mpigo, kimoja kiwe cha kuharibu. Kwenye hicho kimoja usichore kitu chochote. Kata tu mistari iliyonyooka, mistari ya kupinda, na viduara, mpaka mkono uujue ulaini wake.

Kama hata kifutio hakipo, soli ya malapa ya zamani inachongeka vizuri, mradi mchoro uwe mkubwa na mnene. Ndani ina vitundu vya hewa, kwa hiyo mstari mwembamba unakatika, lakini samaki, jani au mwezi unatoka bila tabu. Kipande cha tyubu ya gari nacho kinafaa: unakata umbo kwa mkasi na kulibandika kwenye kibao kwa gundi ya viatu. Huna haja ya kuchonga kabisa. Na ukiwa na watoto wadogo wanaotaka kushika kisu kwa sababu mama ameshika kisu, wakatie bamia kwa upana, wachovye kwenye rangi. Inachapa ua la pembe tano, na wewe unapata nafasi ya kufanya kazi yako.

Lino, lile tandiko la sakafuni linalochongwa kwa picha kubwa, iache kwanza. Tutaifikia.

Visu

Mimi natumia vitu viwili kwa kifutio. Cha kwanza ni wembe wa upasuaji namba 11, ule wenye ncha iliyochongoka, pamoja na mpini wake namba 3. Vyote vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Kisu cha kukatia karatasi cha kawaida kinaweza kuanzia kazi, ila bapa lake ni pana na kwenye kona ndogo linakusumbua.

Cha pili nilitengeneza mwenyewe kwa ubavu wa mwavuli uliovunjika. Chukua mwavuli wowote mbovu uangalie zile mbavu zake: nyingi ni bati lililokunjwa kama mfereji. Kata kipande cha sentimita nane kwa koleo, nyoosha mdomo wake, halafu unoe kwa nje kwenye jiwe la kunolea au msasa laini mpaka ukingo wa ule mfereji ukate karatasi. Ingiza upande wa pili kwenye kipande cha mti wa ufagio ulichokitoboa, ukaze kwa gundi. Hiyo ni bobari ndogo kabisa, ndugu wa zile wanazotumia mafundi wa nakshi kwenye milango ya Unguja. Bati lake ni laini, linapoteza makali upesi, kwa hiyo jiwe liwe karibu. Lakini kwa mistari myembamba ya ndani sijapata kitu kinachonipendeza zaidi.

Ukiwa na uwezo, seti ya patasi za lino ina ncha za V na za U. V ni ya mistari, U ni ya kufagia sehemu pana. Vipo vya bei ndogo vya chuma laini ambavyo vinakunjika siku ya kwanza. Afadhali patasi mbili nzuri kuliko kumi za namna hiyo.

Kisu butu ndicho kinachojeruhi, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kikiteleza kinakuja na nguvu yote hiyo. Nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, nyuzi tatu, kwa kuendelea na wembe niliojua umekwisha makali kwa vile nilikuwa nimebakiza kona moja tu. Badilisha wembe kabla hujauhurumia. Na mkono unaoshika kifutio ukae nyuma ya kisu siku zote. Usiweke kidole pale kisu kinapoelekea.

Mchoro unageuka

Kila unachokichonga kitachapika kinyume, kama kwenye kioo. Kila mtu anakuambia hivyo, na kila mtu anasahau siku moja. Mimi nilichonga neno ILIKI kwa herufi kubwa, kazi ya jioni mbili, nikiisoma vizuri kabisa kwenye kifutio. Kwa sababu herufi I iko vilevile pande zote, jicho halikunishtua. Nilipochapa ikatoka IKILI, na K na L zikiwa zimegeuza migongo. Nilikuwa na mifuko sitini ikinisubiri.

Njia isiyokosea ni hii. Chora mchoro wako kwenye karatasi nyepesi kama unavyotaka uonekane mwishoni, kwa penseli laini, 2B au zaidi, ukikoleza sana zile sehemu zitakazochapa. Igeuze karatasi, upande wa penseli ulale juu ya kifutio, ushikilie isicheze, na usugue mgongo wake kwa ukucha au kijiko. Ukiinua, mchoro umehamia kwenye kifutio ukiwa tayari umegeuka. Huna haja ya kuwaza kitu kichwani. Kabla ya kukata, weka kifutio mbele ya kioo: kama neno linasomeka kwenye kioo, uko sawa.

Kwa lino unaweza kutumia fotokopi. Lalisha upande uliochapwa juu ya lino, pitisha pamba yenye rimuva ya kucha kwa nyuma, sugua, na wino wa fotokopi unahamia. Usifanye hivyo kwenye kifutio. Rimuva inakilainisha kinakuwa kama ubani uliotafunwa.

Kuchonga karafuu, hatua kwa hatua

Karafuu ni umbo zuri la kuanzia kwa sababu ni kama msumari: mwili mrefu, kichwa, meno manne na kitufe cha mviringo katikati yake. Chukua moja halisi uitazame kabla ya kuchora. Mimi kwanza nilichora ya kichwani mwangu, na wateja wakaniuliza kama ni ufunguo.

Chora yenye urefu wa sentimita tatu. Paka rangi ya penseli zile sehemu zinazobaki ili macho yajue kipi ni kipi. Mchongaji wa mihuri anaondoa kisichochapa. Penseli inakulinda usikate mwili wa karafuu kwa kuzoea kwamba kisu kinafuata mstari.

Anza na mzingo wa nje. Ncha ya wembe iingie kando kabisa ya mstari, kina cha milimita mbili hadi tatu, na kisu kiinamie upande wa karafuu ili chale iende ikitanuka kuelekea chini na nje. Hili usilipite haraka. Ukikiinamisha kisu vibaya, chale inaingia chini ya mstari, na mstari unabaki umesimama kwenye kiuno chembamba. Muhuri kama huo unachapa vizuri mara tano, mara ya sita kipande kinabaki kwenye pedi ya wino. Mstari unapaswa kusimama kama mlima: mwembamba juu, mpana chini.

Chale ya pili inatoka nje, milimita mbili mbali na ya kwanza, ikiinamia kuifuata mpaka zikutane chini. Hapo uzi wa kifutio unajitoa wenyewe, kama tambi. Ukiona unalazimika kuuvuta, chale hazijakutana. Rudia kwa kisu. Ukiuvuta utanyofoa na sehemu ya mstari.

Ukifika kwenye kitufe cha mviringo, simamisha kisu na uzungushe kifutio. Narudia hili kwa kila anayekaa mezani kwangu: kisu kinakaa pale pale, kifutio ndicho kinachozunguka, taratibu, kwa vidole vya mkono wa pili. Ukizungusha kisu, kiwiko kinakwama katikati ya safari na duara linapata pembe. Ukizungusha kifutio, duara linatoka duara.

Mistari myeupe ya ndani, ile inayotenganisha meno na kitufe na ile miwili mitatu ya kuonyesha makunyanzi ya mwili, ipitishe kwa ubavu wa mwavuli. Mpito mmoja tu, usirudi. Bobari iwe imelala, karibu kugusa kifutio, ikisukumwa mbele kama jembe la ng'ombe kwenye udongo mwepesi. Ukiisimamisha inazama.

Mwisho ondoa sehemu inayozunguka. Kata kifutio kwa ubavuni, kisu kikiwa kimelala, mpaka kikutane na mfereji ulioukata kuzunguka karafuu. Kila kona unayoiacha juu itakuja kuchapa doa.

Chapa ya kwanza haitakuwa safi. Ichape kwenye karatasi nyeupe, uiangalie kwenye mwanga, uweke alama pale palipotoka vijistari usivyovitaka, urudi na kisu. Mimi hurudi mara tatu au nne. Vijistari vingine navipenda na naviacha, vinaonyesha kazi ya mkono. Lakini lile doa linaloangukia kwenye neno liondoe. Kumbuka kwamba ukishaondoa hurudishi, kwa hiyo nyoa kidogo kidogo.

Na muhuri ukishakuwa mzuri, watu watakuja na maombi. Kijana mmoja aliniomba nimchongee muhuri wa ofisi ya mtendaji, akasema ni wa kuigiza tu. Nilikataa. Kughushi muhuri wa ofisi ni kosa la jinai, na kuchonga kwa mazoezi hakukutoi kwenye hilo. Chonga alama zako na za watu waliokupa alama zao wenyewe.

Lino

Lino ni kwa yule anayetaka picha kubwa, kuanzia ukubwa wa kiganja kwenda juu, au mistari mikali inayodumu kwa chapa nyingi. Ilibuniwa na Mwingereza Frederick Walton, aliyepata hataza yake mwaka 1863, na ilikuwa ya kutandika sakafuni. Inatengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yagande kwa hewa, yakachanganywa na ulimbo na unga wa gome la koki, halafu ikabandikwa juu ya kitambaa cha gunia. Mbao ina nyuzi. Ukikata kinyume nazo inachanika. Lino haina nyuzi, unakwenda nayo upande wowote.

Angalia unachouziwa. Madukani kuna zulia la plastiki la sakafuni ambalo wengi wanaliita lino. Nilinunua mita moja, nikahangaika nalo wiki nzima: kisu kinateleza, kingo zinatoka na manyoya, wino unajikusanya kama maji kwenye jani la mgomba. Lino ya kweli ukiigeuza unaona kitambaa cha gunia, na ukiinusa inatoa harufu ya mafuta yale wanayopaka maseremala kwenye mbao. Vipande vyangu vya kwanza shemeji aliniletea kutoka Nairobi, kwenye duka la vifaa vya sanaa.

Lino ikipoa inakuwa ngumu. Hapa Tanga naianika juani dakika kumi tu, inakuwa kama jibini. Mtu wa Lushoto au Nairobi mwezi wa saba aipashe kwa pasi ya moto mdogo, katikati kukiwa na kitambaa. Ikianza kumegukameguka hata ikiwa na joto, imezeeka. Usipoteze nguvu zako.

Tengeneza kibao cha kuzuia. Ni ubao wa ukubwa wa daftari wenye kipande cha mbao kilichopigiliwa chini upande wako, kinachong'ang'ania ukingo wa meza, na kingine juu upande wa mbali, ambacho lino inaegemea unapoisukuma patasi. Seremala yeyote anakutengenezea kwa mabaki. Lino inahitaji nguvu kuliko kifutio, na bila kibao mkono wa kushoto unajikuta mbele ya patasi.

Kina cha milimita moja na nusu kinatosha kwenye mistari. Kwenye sehemu pana nenda chini zaidi, lakini usifike kwenye gunia, maana nyuzi zake zinashika wino.

Ukitaka kuona lino inabeba nini, tafuta picha za John Muafangejo wa Namibia, aliyeishi kuanzia 1943 hadi 1987 na kusomea kwenye kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, Afrika Kusini. Nyeusi na nyeupe, watu na wanyama wamejaa ukurasa, na maneno marefu yamechongwa humo humo ndani ya picha. Kila herufi ile aliichonga ikiwa imegeuka. Nilipoziona niliacha kuogopa kuandika jina la kijiji kwenye mihuri yangu.

Wino na kuchapa

Kwa mihuri midogo, pedi ya wino ya ofisini inatosha. Usiugandamize muhuri kwenye pedi. Shika muhuri uso ukiwa juu, kisha ugongegonge kwa pedi, wepesi, mara nne tano. Hivyo wino unakaa juu ya mistari tu, hauzami kwenye mifereji. Chini ya karatasi weka gazeti lililokunjwa mara mbili, bonyeza moja kwa moja bila kuyumbisha, uinue. Kwenye mfuko wa kaki wino huo unanyweka na kukauka haraka. Kwenye plastiki haukauki kamwe, hata ukisubiri hadi kesho. Mifuko yangu naichapa mitupu, kwa nje, siku moja kabla ya kupakia.

Lino inataka rola ya mpira na wino mzito. Weka wino ukubwa wa harage kwenye kigae cha ukutani, uuviringishe huku na huku mpaka utandae mwembamba. Sikiliza. Ukiwa mwingi, rola inalia mlio wa majimaji. Ukiwa sawa, inatoa sauti nyororo kama mafuta yanayoanza kupata moto. Ipitishe juu ya lino mara kadhaa, weka karatasi, na usugue mgongo wake kwa mgongo wa mwiko, ukizunguka kutoka katikati kwenda pembeni. Inua kona moja uchungulie kabla ya kuibandua yote.

Zima feni. Wino wa maji kwenye joto letu unakauka kwenye kigae kabla hujamaliza karatasi tatu. Wino wa mafuta una subira, na kuusafisha si kazi: futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, malizia kwa sabuni. Kwa vitambaa tumia rangi ya kitambaa, iache ikauke, upige pasi kwa nyuma ili ishike. Wazee wa pwani walichapa merikani kwa mihuri ya mbao kabla ya kanga za viwandani, kwa hiyo kitambaa cha pamba na muhuri vinajuana zamani.

Kuitunza

Bandika kifutio kwenye kibao kidogo ili vidole visiloe wino, na upande wa juu uweke nukta ya rangi. Usiku ukiwa na mifuko mia ya kuchapa hutaki kuukagua muhuri kila mara ujue kichwa kiko wapi. Baada ya kazi futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, usiloweke, na lino isilowe gunia lake.

Mihuri ya kifutio isigusane, wala isikae kwenye boksi la plastiki. Vifutio hivi vyeupe vinatoa mafuta kidogo kidogo, vinagandana, vinayeyusha plastiki na kujiharibu vyenyewe. Ndivyo nilivyopoteza muhuri wangu wa kwanza wa pilipili manga. Kila mmoja naufunga kwa karatasi yake, nachapa alama yake juu ya hiyo karatasi nijue ni upi, na yote inakaa kwenye boksi la viatu, mbali na dirisha la jua.